Ushairi wa Wabukusu

Ukifungua kitabu cha mashairi ya Kiswahili darasani, jambo la kwanza utakalofundishwa ni kuhesabu. Utahesabu mishororo ya ubeti, kisha mizani ya kila mshororo, kisha utatazama kama vina vya kati na vya mwisho vimelingana. Hesabu hiyo ni njema, wala siandiki hapa kuitweza. Kaluta Amri Abedi aliieleza vizuri katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichochapishwa mwaka 1954, na watunzi wengi wa pwani na bara walijifunza kwacho. Lakini mwanafunzi wa Bungoma au wa Kitale atokaye darasani na kipimo hicho mkononi, akakutana njiani na kundi la watu waimbao nyuma ya kijana mwenye njuga, atafanya nini? Atahesabu, na hesabu itamkatalia. Hataona mizani kumi na sita wala kina cha kati. Yamkini atasema moyoni kuwa yale ni makelele ya ngoma tu, na kwamba ushairi ni kitu alichokiacha shuleni juu ya dawati.

Nataka, msomaji, tuichunguze hukumu hiyo pamoja, maana nadhani ina kosa ndani yake. Mwenye kosa si mwanafunzi. Kosa ni la kipimo kilichopelekwa mahali pasipo pake, kama mtu apimaye maziwa kwa futi.

Wabukusu ni watu wa jamii ya Waluhya, nao hukaa chini ya Mlima Elgon, upande wa kusini na wa mashariki, katika Kaunti ya Bungoma na katika Kaunti ya Trans Nzoia ambayo mji wake mkuu ni Kitale. Ng'ambo ya mpaka, katika Uganda, wako ndugu zao Wamasaaba, ambao wengi huwaita Wagisu. Lugha zao zakaribiana na desturi yao ya tohara ni moja. Kitale yenyewe ni mji wa karne ya 20. Reli ilifika huko mwaka 1926, na nchi iliyouzunguka ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Wabukusu wengi waliingia mashamba hayo kama vibarua, na baada ya Uhuru wa 1963 wengi walirudi kama wenye ardhi. Kwa hiyo nyimbo zao zilihama pamoja nao, zikakaa kijiji kimoja na nyimbo za Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengine. Jambo hili likumbuke, maana nitalirudia.

Tuanze na lile ambalo kila mtoto wa huko alijua kabla ya kujua kusoma. Katika mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, barabara za Bungoma hujaa sauti ya chuma. Kijana ajiandaaye kwa jando, aitwaye omusinde, hushika mikononi njuga ziitwazo chinyimba, akazigonga juu ya vyuma alivyovaa viganjani, huku akienda kwa jamaa zake wa mbali na wa karibu kuwaalika. Nyuma yake huja ndugu na marafiki wakiimba. Mmoja hutoa maneno, wengine huitikia. Siku ya mwisho kabla ya tohara kijana huenda kwa mjomba wake, akachinjiwa fahali, akavishwa shingoni ukanda wa nyama. Alfajiri hupelekwa mtoni, akapakwa tope baridi mwili mzima, kisha hurudishwa nyumbani kwa mwendo wa haraka mpaka uwanjani anapongojwa na ngariba. Wakati huo, anaporudi kutoka mtoni, ndipo uimbwapo wimbo uitwao sioyaye.

Sasa fikiri kama mhakiki. Ukiuandika wimbo wa namna hii karatasini hutajaza ukurasa. Maneno ya kiongozi ni machache, na kiitikio ni kifupi zaidi, nacho hurudiwa mara nyingi kupita kiasi cha subira ya mtu aliyeketi kitini. Msomaji wa kitabu atasema, mbona mshairi huyu hana la kusema? Lakini wimbo haukutungwa kwa ajili ya mtu aliyeketi kitini. Ulitungwa kwa ajili ya kijana mwenye baridi ya tope mwilini, aliyekesha, ambaye dakika chache zijazo atasimama wima bila kupepesa jicho mbele ya kisu. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kufumbua mafumbo marefu. Ahitaji jambo moja lisilobadilika, la kushikwa kama fimbo gizani. Marudio, ambayo katika shairi la karatasi huwa udhaifu, hapa ndiyo kazi yenyewe ya shairi. Na wale wamzungukao, wakiisha kuitikia mara mia, huwa wametia ahadi: kama tulivyokuwa nawe katika wimbo, tutakuwa nawe uwanjani.

Sheria nyingine yaonyesha kwamba Wabukusu wenyewe huutofautisha utungo huu na nyimbo za kawaida. Sioyaye hauimbwi ovyo. Hauimbwi harusini, wala hauimbwi njiani siku ya soko. Katika ushairi wa kitabu kila kitu chaweza kusomwa wakati wowote, na tumezoea hivyo hata tumesahau kwamba wakati nao ni sehemu ya maana. Utungo uliofungiwa saa moja tu katika miaka miwili una uzito ambao shairi lisomwalo kila juma haliwezi kuupata.

Ndani ya nyimbo hizi imo historia. Imo habari ya Mango, ambaye masimulizi yasema alimwua nyoka mkubwa aliyekuwa akila watu na mifugo, kisha akatahiriwa, na kutoka kwake desturi ikashika. Pango la nyoka huyo huonyeshwa mpaka leo mahali paitwapo Mwiala. Iko pia hesabu ya marika, ambayo ni manane na huzunguka kama gurudumu: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Kila rika huchukua muda wa miaka kumi na zaidi, na jina likiisha kupita hurudi baada ya karne. Mtoto ajuaye jina la rika lake na la babu yake aweza kukadiria miaka bila kalenda. Sijui kalenda nyingine iimbwayo kwa furaha namna ile.

Lakini kusifu tu si uhakiki. Katika nyimbo za jando yako maneno ambayo siyapendi, nayo si yale ya matusi ya mwili, ambayo kwa desturi huruhusiwa majira hayo na hunyamazishwa yakipita. Nasema juu ya maneno ya kumdharau jirani asiyetahiri, anayetajwa kama mfano wa woga, na mwoga kuambiwa ahamie kwake. Zamani, mipaka ilipokuwa mbali, huenda mzaha huu ulimhimiza kijana tu na haukumdhuru mtu. Katika Kitale ya leo jirani yule anakaa nyumba ya pili, na mtoto wake yu darasa moja na mwimbaji. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wako Wakenya, katika sehemu nyingine za nchi, waliodhulumiwa mwilini mwao kwa sababu tu hawakutahiriwa. Neno lililokuwa chumvi ya wimbo likawa silaha mikononi mwa waovu. Mtunzi wa jando hukubaliwa na desturi kubuni maneno mapya. Kila mwaka wa shufwa huleta beti zake. Basi ana uhuru wa kuliacha neno moja na kutafuta lingine lenye ukali wa kumtia kijana moyo bila kumvua jirani heshima yake, na wimbo wake hautapungua nguvu.

Sasa tuingie katika utungo ulio mkubwa zaidi kwa maoni yangu, ambao watu wa nje hawaujui sana. Afapo mzee wa Kibukusu mwenye umri na heshima, siku chache baada ya maziko watu hukusanyika tena nyumbani kwake asubuhi. Huketi wakaacha uwanja wazi katikati. Hapo huingia mtu aitwaye omuswali, ameshika fimbo, naye husema. Kazi yake huitwa khuswala kumuse. Si kila mtu aliye hodari wa kusema aweza kuifanya. Hutoka katika koo fulani zenye kipaji hicho, na mwanafunzi hujifunza kwa kusikiliza wakubwa wake miaka mingi. Mtu hakatizi maneno yake, wala hapiti mbele yake. Omuswali hutembea uwanjani, mara kwa hatua za pole, mara mbio, mara husimama ghafula akanyamaza.

Je, ni hotuba au ni shairi? Swali hili lastahili kukaliwa. Ukitafuta vina utakosa. Lakini tazama miguu yake. Sentensi huanza na hatua na kukoma na hatua. Pumzi ikiisha, maneno huisha, naye hugeuka. Katika shairi la pwani mizani hukaa katika silabi, na katika kumuse mizani hukaa katika mwendo na pumzi. Kimya nacho ni sehemu ya kipimo. Mtu aliyeandika maneno ya kumuse bila kuandika mahali msemaji aliposimama amefanya kama mtu aliyeandika shairi la Kiswahili akafuta nusu ya silabi zake.

Iko pia sababu katika lugha yenyewe. Kibukusu huongeza kiambishi mbele ya majina yake: sisi husema mtu na watu, wao husema omundu na babandu. Sauti hiyo ya mwanzo hupita katika sentensi nzima, ikajirudia katika sifa na katika kitendo, kama njuga za chinyimba. Lugha iliyo na mwangwi wa namna hii mwanzoni mwa maneno haina haja kubwa ya kuutafuta mwangwi mwingine mwishoni mwa mshororo. Tena Kibukusu ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, na kupanda huko hubeba maana. Omuswali aweza kucheza na sauti mbili za neno moja hata wazee wakacheka katikati ya msiba. Ukimfasiri kwa Kiswahili kicheko hicho hufa njiani, na mfasiri hana dawa.

Maneno yake ni mapana. Huanza mbali, katika asili na safari za kabila, hushuka katika vita na mashujaa, kama boma la Chetambe karibu na Webuye, ambapo mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi yaliyoongozwa na Waingereza wakashindwa kwa hasara kubwa. Kisha hufika katika ukoo wa marehemu, akataja nani alizaa nani, na mwisho hufika kwa walio hai walioketi mbele yake. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Omuswali ana ruhusa ambayo chifu hana wala padri hana. Aweza kumkemea mwana aliyemtupa baba yake, aweza kumwonya tajiri aliyesogeza mpaka wa shamba, aweza kuwasema wakubwa wa serikali wakiwapo. Baada ya maneno yake mambo ya marehemu hupangwa: madeni yake, mali yake, na watu aliowaacha. Basi utungo huu hausimami kando ya maisha kama pambo ukutani. Ardhi yagawanywa juu ya msingi wake, na uongo ukisemwa katika nasaba, mtu aweza kukosa shamba.

Hutauliza, basi, mtu mmoja awezaje kukumbuka maneno ya saa nyingi pasipo kitabu? Swali hili limepata jibu mbali na hapa. Miaka ya 1930 Milman Parry, mwanachuoni wa Marekani, alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wa tenzi ndefu wasiojua kusoma, na mwanafunzi wake Albert Lord alieleza habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1960. Waligundua kwamba mwimbaji hakariri utenzi neno kwa neno. Hujifunza mafungu ya maneno yaliyo tayari, sifa za shujaa, namna ya kuanza safari, namna ya kuingia vitani, kisha hutunga papo hapo kwa kuyaunganisha. Kwa hiyo kila mara autoapo utenzi huwa ni ule ule na si ule ule. Nadhani omuswali afanya kazi ya ukoo huo huo. Mafungu ya asili na ya vita ayabeba kichwani. Ya marehemu huyu na ya ugomvi wa nyumba hii huyafuma pale pale. Ndiyo maana wasikilizaji wamsifuo huangalia hasa namna alivyoufunga uzi wa kale na uzi wa leo. Manguliechi, ambaye jina lake lajulikana mbali katika Bungoma kuliko la msemaji mwingine yeyote wa kumuse, alipata sifa kwa ufumaji huo.

Kasoro moja siwezi kuinyamazia. Kwa desturi kumuse ni ya mwanamume. Mama aliyezaa ukoo, akalima, akaamua magomvi ya nyumba, hufa bila omuswali. Watasema wanawake wana tungo zao, nami nakiri: wana maombolezo, wana nyimbo za harusi na za kubembelezea watoto, na wengi wa waitikiaji katika safari ya chinyimba ni dada na shangazi. Hata hivyo nasaba isemwayo uwanjani ndiyo ikumbukwayo, na katika nasaba hiyo akina mama hupita kama vivuli. Mtafiti anayetaka kuijua historia ya Wabukusu kwa kumuse peke yake atapata nusu yake.

Juu ya litungu nitasema kwa ufupi. Ni kinubi cha nyuzi saba, chenye mwili wa mti uliowambwa ngozi, nacho hupigwa kwa vidole huku mpigaji akiimba sifa, mapenzi, na aghalabu kejeli. Mwimba litungu ni mwandishi wa magazeti wa kijiji: pombe ikinywewa, skandali haimponyoki. Redio za Kibukusu zimempa masikio mengi kuliko aliyokuwa nayo babu yake, lakini zimemkata wimbo uwe wa dakika chache, na kejeli ya litungu yataka kuzunguka kabla ya kuuma.

Nani ameyaandika haya yote? Günter Wagner, Mjerumani aliyekaa Kavirondo ya Kaskazini katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kikubwa kilichoanza kutoka mwaka 1949, na ndani yake Wabukusu, aliowaita Vugusu, wamepewa nafasi pana. F. E. Makila alitoa historia ya Wabukusu mwaka 1978 kwa kuwategemea wazee. Kazi hizo ni za kushukuriwa, lakini zote mbili zatafuta habari ndani ya maneno, si uzuri wa maneno. Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974 na kuupokea mkusanyo wa vipepeo na wanyama wa Kanali Stoneham, laweza kukuonyesha vyombo vya watu wa magharibi. Kinubi katika kabati la kioo kitakufundisha umbo lake. Hakitakufundisha kejeli hata moja.

Leo kijana wengi wa Kitale husema Kiswahili nyumbani, na bibi yake akitoa fumbo hutazama chini. Katika maziko ratiba ni fupi. Wanasiasa wangojea zamu yao, na kipaza sauti kimesimama kwenye mti wake. Omuswali mwenye kipaza sauti chenye waya ni mtu aliyefungwa kamba mguuni: miguu yake ndiyo mizani yake, nao sasa hauwezi kwenda. Afadhali asikiwe na watu mia akitembea kuliko elfu akisimama. Rekodi nazo zina madhara yake pamoja na faida. Zimeziokoa sauti za wazee waliokufa, lakini msemaji kijana aweza kuikariri rekodi moja, akaitoa neno kwa neno katika kila matanga, na huyo atakuwa ameacha kutunga.

Basi ukipata nafasi ya kuandika utungo mmoja wa Kibukusu kwa ajili ya somo lako, usianze na maneno. Andika kwanza ni saa ngapi, ni nani aliyekuwapo, na nani hakuruhusiwa kuwapo. Omba ruhusa kwa wenye nyumba, maana tungo nyingine si za kila sikio. Andika maneno kwa Kibukusu kwanza, pamoja na alama za sauti ya juu kama mwalimu wako azijua, na tafsiri uiweke chini yake bila kuilazimisha iwe na vina. Panapo kiitikio, hesabu kimerudiwa mara ngapi na uiandike hesabu hiyo. Usiandike tu kwamba kilirudiwa. Na kama ni kumuse, chora mstari ukingoni mwa ukurasa kila msemaji alipogeuka.